Kijiji Kilichotazama Juu

Siku nilipokabidhi funguo za ofisi, kijana aliyezipokea aliniuliza, "Mama, kazi hii hasa ni ipi?" Nilikuwa nawahi basi, nikamjibu kwamba ni kusikiliza watu. Jibu lile limeniudhi tangu siku ile. Sasa nimetulia, sina basi la kuwahi, naomba nimjibu upya yeye na wenzake wote wanaokaa kwenye viti vyetu vya ustawi wa jamii.

Habari za vyeo na mishahara naziruka. Mtazijua wenyewe kwa kuzisubiri.

Nilihamishiwa Kibondo mwaka 2012 nikitokea Tanga, na jambo la kwanza nililogundua niliposhuka garini ni kwamba sikuwa na sweta. Ofisi niliyopewa ilikuwa na meza kubwa kuliko chumba. Anayeingia alilazimika kusimama mlangoni na kunieleza shida zake kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Wiki ile ile niliitoa meza nikaweka benchi. Mtu akija, anakaa upande huu, mimi upande ule, wote tunatazama ukuta. Wengi husema mambo mazito kwa urahisi zaidi wakiutazama ukuta kuliko wakinitazama mimi. Kama benchi lile bado lipo, msilitupe.

Lugha nayo ilinipa kazi. Nyumbani watu wanaongea Kiha, na wengine wazazi wao walitoka Burundi, hivyo Kiswahili changu cha pwani kiliwachekesha. Walinifundisha kusema "ego" pale ninapokubali, na wakaniita Mama Ustawi. Jina langu halisi nadhani lilijulikana kwa mhasibu tu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa hata wa idara yetu. Alikuwa Dokta Shabani, mganga wa magonjwa ya akili aliyekuwa na kliniki Kasulu. Nilimpelekea wagonjwa wachache mwaka ule wa kwanza, na siku moja aliniona nikibishana na bwana mmoja aliyedai kuna mtu anatembea juu ya bati lake. Akanivuta pembeni. "Usimuulize kama ni kweli," akaniambia. "Muulize ilianza lini." Mengine niliyoyasoma chuoni yamenitoka kichwani, hilo bado ninalo.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, mwanamke mmoja aliingia ofisini akakaa kwenye benchi. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani.

"Mwakeye, Mama Ustawi," alinisalimu. Kisha akaugeukia ukuta. "Mwanangu Butoyi anamtazama pacha wake. Hataki kuacha."

"Pacha wake yuko wapi?"

"Bukuru? Bukuru alikufa kabla hatujambatiza."

Nilimuuliza ilianza lini. Akasema tangu juzi, baada ya mafua kumshika. Walikuwa wamemwombea. Nesi wa zahanati alisema huenda ni pepopunda, wampeleke hospitali mvua ikikatika. Mvua haikuwa imekatika. Na majirani wawili nao walikuwa wameanza kutazama juu.

Nilipata gari la halmashauri tukaenda. Kijiji sitakitaja, watu wake wamesemwa vya kutosha. Tulifika mchana, lakini ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba kama asubuhi. Kilichonishtua kwanza ni kwamba watoto walikuwa nje ya nyumba na hawakuwa wakicheza. Walikuwa wamesimama tu, wakitutazama.

Butoyi alikuwa binti wa darasa la sita hivi. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, shingo imejikunja nyuma mpaka kisogo kinakaribia mgongo, meno yameumana, na macho yamepanda juu kiasi kwamba mboni zilionekana nusu. Yalikuwa yameganda kwenye pembe moja ya paa, pale boriti mbili zinapokutana. Nilipita mbele yake, sikuwa kitu. Nilimshika mkono nikamwambia, "Butoyi, kama unanisikia, nibinye." Akanibinya. Akanibinya tena, kwa nguvu, na kupitia katikati ya meno akasema, "Siwezi kuyashusha."

Nimeona mengi katika kazi hii, ila sijawahi kuogopa kama pale. Mtoto alikuwa mzima ndani. Alikuwa amefungiwa humo na ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Nyumba ya pili alikuwamo fundi cherehani, shingo imepinda vile vile, macho yako darini. Ya tatu alikuwamo mwalimu wa dini, mzee wa watu, ulimi umemtoka nje na machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Na katika kila nyumba waliokuja kuwaona wagonjwa walikuwa wamekaa kimya huku nao wakitazama juu. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanatafuta kile ambacho wenzao wanakiona. Nikiwa bado ndani ya nyumba ya tatu nilitambua kuwa nami nilikuwa nimesimama muda mrefu nikiitazama pembe ya paa. Palikuwa na masizi tu, lakini sikupenda kuipa kisogo.

Mwenyekiti wa kijiji alinisubiri nje. "Tunamjua aliyefanya," alisema. "Daforoza. Yule bibi wa Burundi. Kila nyumba yenye mgonjwa alipeleka uji wa ulezi. Akipeleka uji, kesho yake macho yanapanda."

"Anawapelekea uji kwa sababu ni wagonjwa," nikasema.

"Ego, ndivyo anavyosema."

Wakati huo tukasikia sauti ya mwanamume kutoka kwenye miti iliyo juu ya kijiji. Alikuwa anaongea na mtu, ananyamaza kama anayejibiwa, anaongea tena. Ukungu ulificha kila kitu huko. Dereva wangu aliuliza ni nani.

"Minani, mrina asali," mwenyekiti alijibu. "Zamani alikuwa kichaa, akapona. Miaka yote ametulia, anatundika mizinga yake, anauza asali. Sasa kimemrudia. Wazee wanasema Daforoza amekichota kichaa chake akawagawia watu, na kilichobaki kwenye chungu kimeamka." Akashusha sauti. "Kesho jioni tuna mkutano juu ya huyo bibi."

Nilimwomba asogeze mkutano mpaka nirudi. Akasema mkutano anaweza kuusogeza, hasira hawezi. Mtakutana na wenyeviti wengi wa namna hii. Mara nyingi si watu wabaya, ila wamekwisha kuhesabu upande upi una watu wengi.

Gari lilikuwa na nafasi ya kumlaza mgonjwa mmoja tu, tukampakia Butoyi na mama yake tukaelekea Kasulu. Barabara ilikuwa tope tupu. Gari lilipoyumba sisi sote tuliyumba nalo, macho ya yule mtoto peke yake hayakuyumba. Yalibaki yamelishika paa la gari. Tulipoyaona mabati ya Kasulu mama yake aliniuliza, "Kama akipona, atarudi Butoyi au atarudi yule mwingine?"

Dokta Shabani alimtazama mtoto mlangoni tu, kabla hatujamlaza. Hakuuliza habari za mizimu. Alimchoma sindano kwanza, ndipo akamgeukia mama.

"Amekunywa dawa gani?"

Mama Butoyi alifungua fundo la kanga akatoa kipakiti cha karatasi chenye vidonge vidogo. "Hivi vya mafua na kuwashwa. Vya zahanati. Ni kimoja asubuhi, mchana na jioni, sijamrusha hata siku moja."

Dokta alivimimina kiganjani, akavisogeza dirishani kwenye mwanga, akavigeuza kimoja kimoja kwa kidole. Sisi tukawa tunamtazama mtoto. Macho yalianza kushuka taratibu. Yakaacha dari, yakapita dirisha, yakafika usawa wetu. Shingo ikalegea. Butoyi akamtazama mama yake kwa muda kama anayemhakiki, kisha akasema, "Mama, umekonda." Yule mwanamke alikaa chini sakafuni akalia.

Dokta hakuwa amefurahi kama sisi. "Mama Ustawi," akaniita. "Kijiji hicho nina mgonjwa wangu mmoja. Nilimwanzishia dawa mwenyewe, anazichukua pale pale zahanati. Mrina asali anaitwa Minani. Yeye hajambo?"

"Amerudia," nikamjibu. "Anaongea na miti."

Akavirudisha vidonge kwenye kipakiti, kimoja kimoja, akakikunja. "Basi hivi ni vyake. Vinanyamazisha sauti za kichwani, ila kwa mwili usiovizoea vinaweza kukaza shingo na kupandisha macho. Na yeye anakunywa vya mafua."

Kesho yake Dokta alipanda gari letu. Butoyi aliteremka kijijini kwa miguu yake, na nilidhani watu watashangilia. Walirudi nyuma. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe uso asitazamwe na Butoyi. Hakuna aliyemgusa yule mtoto mpaka anafika kwao, na mama yake alitembea nyuma yake akirudiarudia, "Ni yeye, ni yeye, muulizeni jina lake."

Zahanati ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mkazi wa Kasulu. Pale alikuwapo nesi mmoja, Adelina, aliyepima, aliyetoa dawa, aliyezalisha na aliyefagia. Dokta alimwomba amletee kopo la dawa za mafua. Lilikuwa kopo jeupe la plastiki, na kando yake kwenye rafu palikuwa na jingine, ndugu yake kabisa. Karatasi za ubavuni zilikuwa zimebabuka kwa unyevu, kwa hiyo majina yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya mifuniko.

"Hivi ni vya Minani," Dokta akasema alipovimwaga kwenye sahani.

"Hapana, Dokta. Angalia mfuniko."

"Mfuniko nimeuona. Angalia vidonge."

Adelina aliinama. Alifungua kopo la pili, akaweka kidonge kimoja kando ya kingine, akasoma alama zilizochongwa juu yake. Alikumbuka kwamba mvua ya kwanza ilipovuja juu ya rafu, aliyaosha makopo yote akayaanika, akayafunika. Mfuniko wa hili ukaenda kwenye lile. Ni hivyo tu. Nimewahi kufikiri jambo la kutisha namna ile lazima liwe na chanzo kinacholingana nalo. Chanzo kilikuwa vifuniko viwili vilivyowekwa kukauka.

Fundi na mwalimu wa dini walichomwa sindano, macho yao yakashuka. Watu walianza kupumua. Ndipo nikauliza Daforoza yuko wapi, na wote wakatazama chini.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba za magome ya miti, na majani makavu ya migomba yalikuwa yamepangwa kuzunguka kuta zote, vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayetandika kitanda. Hapakuwa na mtu karibu. Kila mtu kijijini alikuwa amepita pale, na kila mtu alisema hakuona aliyepanga. Dereva wangu alikata kamba. Ndani, bibi alikuwa amekaa mbele ya mafiga, kajifunga kitenge cha kanisani.

"Mmekuja kunitoa au kunichoma?" aliuliza. "Nataka kujua kama nianze kusali."

"Kukutoa, bibi."

"Basi subirini niepue chungu."

Alihamia kwa mpwa wake Kasulu wiki ile. Mwenyekiti alimwendea kumwomba radhi na kumsihi arudi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa uji, hakurudi.

Minani tulimpata msituni, chini ya mti mrefu, mguu umevunjika. Alikuwa amepanda miti yote yenye mizinga yake akaipasua, mmoja baada ya mwingine, mpaka tawi likamwangusha. Uso ulikuwa umevimba kwa kuumwa. Nyuki walikuwa bado wamening'inia matawini, makundi kwa makundi, hawana pa kuingia, na msitu mzima ulikuwa ukivuma. Dada yake, Leokadia, alipiga magoti akamuuliza kwa nini amefanya hivyo.

"Walikuwa wanaomba kutoka," Minani alisema. "Wewe huwasikii?"

Sasa nifike kwenye sehemu ya kazi, maana najua mtaniuliza. Mtu akidhurika kwa dawa, wengi watamwambia ni mapenzi ya Mungu, na wengine watamletea mbuzi na karatasi ya kutia sahihi. Asitie sahihi kabla hajapata ushauri. Vidonge vilivyobaki na kipakiti chake msivitupe, viwekeni mahali pakavu. Mgonjwa aonwe na daktari mwingine, atoe taarifa ya maandishi mapema. Kisha mwelezeni njia zake. Anaweza kulalamika kwa mwenye kituo na kwa mganga mkuu wa wilaya, na huko mara nyingi makosa hurekebishwa. Anaweza kupeleka malalamiko kwa baraza la taaluma ya aliyekosea, linaloweza kumwonya au kumfungia mtu, lakini halimlipi mgonjwa fidia. Akitaka fidia, anafungua shauri la madai mahakamani, na huko muda una kikomo, kwa hiyo asikae miaka akitafakari. Kama kituo ni cha serikali, kuna taarifa ya kutoa kwanza kabla ya kushtaki. Asiye na uwezo wa wakili atafute msaada wa kisheria. Na asiyetaka njia yoyote kati ya hizo ana haki hiyo pia, msimsukume ili ninyi mpate cha kusimulia.

Mama Butoyi hakutaka mahakama. Alitaka mwenye zahanati aje asimame mbele ya kijiji aseme ni dawa, asije mtu akamtazama mwanawe vibaya tena. Yule bwana alikuja, akasema, akaondoka haraka. Fundi na mwalimu wa dini waliridhika na hilo.

Leokadia hakuridhika. Wakati wenzake wote wamepona, kaka yake alikuwa na mguu usiopanda mti na sauti zisizonyamaza. Alirudishiwa dawa zake zile zile, lakini Dokta alituambia wazi kwamba ugonjwa ukiachwa ukarudi, mara nyingine hauondoki kama ulivyoondoka mwanzo. Minani alijifunza kuishi nao. Akisikia kitu alikugeukia na kukuuliza kwa adabu kabisa, "Na wewe unasikia?" Ukimwambia hapana, alitikisa kichwa akaendelea na shughuli yake.

Mwaka 2014 nilihamishiwa Kasulu, na huko shauri likafunguliwa, kwa kuwa ndiko alikokaa mwenye zahanati. Sheria inaruhusu ndugu kumsimamia mtu ambaye akili yake haitulii, hivyo Leokadia alisimama kwa niaba ya kaka yake, akisaidiwa na wakili wa msaada wa kisheria. Zikaja tarehe, zikaahirishwa, zikaja nyingine. Zoeeni hilo, na mwenye shauri mwambieni mapema, asije akadhani ni yeye peke yake anayeahirishwa.

Adelina alitoa ushahidi. Mwajiri wake alikuwa amemwambia aseme makopo yalikuja hivyo kutoka mjini. Alisimama kizimbani akaeleza habari ya mvua, rafu na mifuniko, mwanzo hadi mwisho. Alijua alikuwa anaipoteza kazi yake, na kweli aliipoteza. Sasa anauza vitenge sokoni. Akiniona hunisalimu kwa furaha.

Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana mwerevu. Alimgeukia Leokadia. "Kaka yako alikuwa mgonjwa wa akili kabla ya siku hiyo?"

"Ndiyo."

"Na leo ni mgonjwa wa akili?"

"Ndiyo."

"Sasa mahakama ielezwe, kilichobadilika ni nini?"

Leokadia aligeuka kumtazama kaka yake. Ndipo Minani aliponyanyuka kwenye benchi la nyuma, kwa fimbo yake, hajaitwa. Wakili wetu alitaka kumzuia. Hakimu, mwanamke mtu mzima wa sauti ya chini, akasema aachwe.

"Mzee, una la kusema?"

"Nilikuwa na kimya," Minani alisema. Alikigusa kichwa chake upande wa kulia. "Hapa. Nilipewa na Dokta. Nilikaa nacho miaka, nikapanda miti nacho, nikalala nacho. Wakakichukua wakampa mtoto wa watu, na mtoto hakukitaka, kikamvunja shingo. Kwake wamekitoa. Kwangu hakijarudi."

Mahakamani pale palikuwa na watu wa ardhi, watu wa talaka, askari, wote wenye mambo yao. Wote walikuwa wamemgeukia. Yule wakili kijana alikaa chini bila kusema kwamba amemaliza.

Hukumu ilisomwa mwaka 2015, miezi michache kabla sijastaafu. Hakimu alisema mtu aliyekuwa mgonjwa anaweza kudhuriwa kama mzima, na kwamba utulivu alioupata kwa tiba ulikuwa mali yake. Mwenye zahanati aliamriwa kulipa, na hakukata rufaa.

Tulipotoka nje, watu wa kijiji chao waliokuja kwa lori walikuwa wamejaa uani. Leokadia alipiga kigelegele, wanawake wakakipokea, wanaume wakapiga makofi. Butoyi alikuwamo, amekuwa mrefu. Minani alisimama kwenye ngazi akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Nikamsogelea, naye akanigeukia bila kuyafumbua.

"Mama Ustawi, kuna watu wengi wanapiga kelele. Na wewe unasikia?"

"Nasikia, Minani."

"Wote?"

"Wote. Wapo."

Akashusha mikono.